Joto la Mtoto wa Somoe

Umeme ulikatika asubuhi, Sista Anjelina akiwa bado anazungukia vitanda, na wodi nzima ya wazazi ikasikia mashine ya joto ikinyamaza. Ilikuwa moja tu katika kituo kile cha afya cha watawa huko Yombo: kasha la vioo ambalo watu wamezoea kuliita chupa. Ndani yake alilala mtoto wa kike wa Somoe, aliyezaliwa jana alfajiri kabla mimba haijatimiza miezi minane. Kofia yake ilikuwa kipande cha soksi ya mtu mzima.

"Mgao," alisema Sista Anjelina. "Wiki hii wanakata upande wetu mpaka jioni."

"Na jenereta, Sista?" aliuliza Najma.

"Jenereta inasubiri kipuri tangu Pasaka. Unajua hivyo kama ninavyojua mimi."

Najma alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili, aliyeletwa pale kwa mazoezi. Somoe alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake Khalfani. Ni Najma aliyesisitiza nyumbani kwao Tandika kwamba wifi yake aletwe hapa pale alipoanza kulalamika kichwa na kuona giza machoni. Kifafa cha mimba kilimshika akiwa mlangoni pa kituo. Sasa alikuwa kitanda cha dirishani, uso umemvimba, amelala usingizi mzito wa dawa. Akiitwa alifumbua jicho moja, akalifunga.

Sista Anjelina alifungua kidirisha cha mashine, akampima mtoto kwapani, akakisogeza kipimajoto kwenye mwanga.

"Chemsheni maji," alimwambia mhudumu. "Jazeni chupa za maji, zifungeni taulo, mziweke pembeni yake."

"Sista, naomba kusema," Najma alisema. "Kuna njia nyingine. Mtoto anabebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, anafungwa na khanga. Nimesoma."

"Umesoma wapi?"

"Kwenye jarida, maktaba ya chuo."

"Jarida gani?"

Najma alifungua mdomo. Aliikumbuka picha ya mama mmoja akitabasamu na kichwa cha mtoto kikichungulia kwenye blauzi. Jina la jarida halikuja.

"Nani kaandika? Hospitali gani?"

Wanawake wawili kwenye vitanda vya karibu waliacha mazungumzo yao ili wasikie vizuri.

"Vua kofia," Sista Anjelina alisema, bila hasira. "Leo wewe si mwanafunzi, ni ndugu wa mgonjwa. Ndugu wanakaa nje."

Najma akavuta pini moja moja, akavua kofia yake nyeupe, na kwa kuwa hakujua aiweke wapi, akatoka nayo mkononi.

* * *

Nje, kwenye benchi la saruji karibu na kamba za kuanikia mashuka, mama yake, Bi Mwanaheri, alikuwa amekaa na chupa ya uji ambayo hakuna aliyekuwa na hamu nayo. Alikuwa na kikohozi cha wiki nyingi, na kila kilipomshika aligeuka upande akafunika mdomo kwa upindo wa khanga.

Khalfani alirudi akitembea haraka, shati limemganda mgongoni. Tangu kiwanda cha nguo kilipopunguza watu, alikuwa akiuza mitumba soko la Tandika, na asubuhi ile robota lake alikuwa amemwachia jirani. Alitoka kwenye hospitali ya mtu binafsi iliyofunguliwa mwaka juzi kule barabara kubwa.

"Wana jenereta kama chumba," alisema kabla hajaulizwa. "Inanguruma mpaka barabarani."

"Wamesemaje?" mama yake aliuliza.

"Karani kaniuliza kama nimekuja na advansi, pesa ya kutanguliza. Nikamwambia nimekuja na mtoto anayekufa kwa baridi. Akaniambia nisogee pembeni, nawazibia wateja."

"Wateja?"

"Ndivyo alivyosema, mama. Wateja."

Alikaa. Akakiona kichwa cha dada yake hakina kofia, akajua kuna jambo. Najma akawaeleza yote, na akawaeleza ile njia.

"Kitoto cha jana kivuliwe nguo?" Bi Mwanaheri alisema. "Kibandikwe kwenye jasho la mtu? Si upepo utakimaliza?"

"Mama, mwili wa mtu hauna mgao."

"Wewe umesoma, mie sikatai. Lakini mie nimezaa, na nimezika. Kichanga kinafunikwa. Hakifunuliwi."

Khalfani hakumtazama mama yake. Alimtazama Najma kama anavyomtazama mteja aliyeshika shati zuri akilitafuta tundu.

"Una hakika na hilo unalosema?"

"Niliyasoma mwenyewe, kaka. Watoto hawakufa. Wote walipona."

"Hata mmoja hakufa?"

"Hata mmoja."

"Basi kalete hiyo karatasi. Sie akituuliza yule Sista tutamjibu nini? Kalete."

* * *

Chuo hakikuwa mbali kwa anayekwenda kwa miguu akavuka reli. Najma alikimbia pale palipokuwa wazi, akatembea palipokuwa na watu, maana msichana mwenye gauni la chuo akikimbia barabarani watu humuuliza nani kafa.

Alimkuta Mwalimu Demetria kwenye korido, amebeba bahasha za mtihani. Mwalimu huyu alikuwa ametoka masomoni nje mwaka uliopita, na alirudi na somo ambalo wanafunzi hawakulipenda na walimu wenzake walisema linachelewesha mtaala. Aliingia darasani na maandishi mawili juu ya jambo moja, yanayopingana, kisha akauliza: mgonjwa yuko mbele yako, utamwamini nani kati ya hawa, na kwa nini? Aliyejibu kwamba imeandikwa kitabuni alirudishwa kukaa.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba ufunguo wa maktaba."

"Marahaba. Una nini? Iko wapi kofia yako?"

Najma alieleza huku akihema. Mwalimu Demetria aliziweka bahasha kwapani, akafungua mlango wa chumba kilichoitwa maktaba: makabati mawili, meza moja, na maboksi ya majarida ya msaada ambayo hayajapangwa. Najma akaenda moja kwa moja kwenye boksi, akalichomoa jarida lenye karatasi za kung'aa. Mama yule yule alikuwa akitabasamu.

"Hili hapa!"

"Nani wametoa?"

Najma aligeuza jalada. "Shirika la misaada."

"Wanalitoa kwa ajili ya nani?"

"Kwa..." Akasoma. "Kwa wafadhili wao."

"Sawa. Si kosa. Soma walivyosema watoto walikuwa wangapi, na walianza kuwahesabu lini."

Najma akasoma aya ile aliyoipenda, inayosema hakuna aliyekufa. Kisha, kwa mara ya kwanza, akasoma maneno madogo yaliyokuwa chini ya picha. Aliyasoma mara mbili kwa sababu Kiingereza chake hakikuwa chepesi, na kwa sababu hakutaka yaseme yaliyokuwa yanasema. Watoto waliohesabiwa ni wale waliokwisha kuvuka siku za mwanzo, wanaopumua vizuri na wanaonyonya.

"Waliokufa kabla ya hapo wako wapi?" Mwalimu Demetria aliuliza.

"Hawamo."

"Wifi yako amejifungua lini?"

"Jana," Najma alisema, na akakaa kwenye kiti. "Nimewaambia nyumbani kwamba hafi hata mmoja. Nimemwambia kaka yangu hivyo, Mwalimu. Kwa mdomo huu."

Mwalimu Demetria hakumfariji. Alitazama saa yake, akapiga goti sakafuni, akapekua boksi la chini. Akatoka na jarida jembamba, lisilo na picha hata moja.

"Hawa ni hospitali ya misheni, nchi za kusini huku. Hawana mashine kabisa. Wamewahesabu wote, tangu saa ya kwanza. Soma. Nina dakika chache."

Najma akasoma kwa kidole. "Wamekufa wengi," alisema.

"Ndiyo."

"Lakini wachache kuliko miaka ya kabla."

"Angalia kama kuna kingine walichobadilisha."

Kidole kikashuka, kikarudi juu. "Waliongeza muuguzi wa zamu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo labda ni kifua, labda ni muuguzi. Labda vyote."

"Wifi yako angekuwa penye mashine na umeme, ungefanyaje?"

"Ningemwacha mtoto kwenye mashine."

"Na leo?"

"Leo hakuna umeme. Na chupa za maji ya moto hakuna mahali wamesema zinafaa kuliko hili."

"Kwa hiyo unajua itamwokoa?"

"Sijui," Najma alisema, na machozi yakamtoka. "Sijui, Mwalimu."

"Sasa unaweza kwenda kuzungumza na Anjelina. Mweleze usiyoyajua kwanza." Mwalimu Demetria akalisukuma jarida mezani kumwelekea. Kunakili hakukuwezekana, mashine ya kunakili ya duka la vifaa vya shule nayo ilitaka umeme. Majarida yale hayaruhusiwi kutoka nje ya mlango ule. "Nitasaini mimi kwamba ninalo. Lisilowane. Mimi nasimamia mtihani, siwezi kuja."

* * *

Alipofika wodini hakusubiri kuitwa. Sista Anjelina alikuwa ameinama juu ya mashine isiyo na uhai, na mhudumu alikuwa ameshika kopo la mafuta ya vidonda. Kwenye paja la mtoto, lisilozidi unene wa dole gumba, palikuwa na wekundu, na katikati ya wekundu ule ngozi ilikuwa imeinuka lengelenge.

"Taulo zimeisha," Sista Anjelina alisema bila kugeuka. Sauti yake ilikuwa kavu. "Chupa niliifunga kwa kitambaa kimoja. Nilifunga mimi, siyo mhudumu."

"Joto, Sista?"

"Linashuka."

Khalfani alikuwa amesimama mlangoni, mahali ambapo wanaume walikatazwa. Hakuna aliyemfukuza. Bi Mwanaheri alikuwa nyuma yake.

Najma alilifungua jarida juu ya kitanda kitupu. "Sista, asubuhi nilisema kitu nisichokijua vizuri," alisema. "Kile nilichosoma hakikuwahesabu watoto wa siku ya kwanza. Hiki kimewahesabu. Wengine walikufa. Wamekufa wachache kuliko zamani, lakini waliongeza na muuguzi, kwa hiyo siwezi kukwambia ni kifua peke yake. Waliobeba wote ni akina mama. Kuhusu baba au bibi hawakusema lolote."

Khalfani alisikia. "Ulisema hakufa hata mmoja," alisema.

"Nilikosea, kaka."

"Ulisema hata mmoja!"

"Nilikosea. Nimesoma vibaya."

Alimtazama kama aliyepigwa kofi mbele ya watu. Bi Mwanaheri akasema polepole, "Si nilisema mie," halafu kikohozi kikamkamata.

Sista Anjelina alikuwa amevaa miwani. Alisoma akiwa amesimama, akageuza ukurasa, akarudi nyuma. Somoe alikoroma kidogo kitandani kwake.

"Zamani, nikiwa kule bara," alisema hatimaye, "alikuja mtaalamu na semina yake. Siku tatu, na soda. Akatufundisha jambo la kufanya kwa watoto wachanga, nasi tukalifanya, maana tulipewa vyeti. Mtoto mmoja akafa. Mtaalamu alikwisha kuondoka. Aliyempelekea baba yake maiti iliyofungwa khanga ni mimi." Aliivua miwani. "Aliyembeba akisinzia? Pua ya mtoto ikazibwa?"

"Wameandika akae wima, kichwa kimegeuzwa upande, shingo isikunjwe. Anayebeba akae ameegemea, siyo alale. Na mtu wa kumwangalia pumzi wakati wote."

"Mama yake hawezi hata kushika kijiko."

"Nitambeba mie," Bi Mwanaheri alisema.

"Shikamoo, mama, hapana. Kwa kikohozi hicho, hapana. Na kesho uje tukupime makohozi."

"Mimi, basi," Najma alisema.

"Wewe wiki yote umeosha vidonda vyenye usaha wodi ya wanaume. Na ukimbeba, nani ataangalia pumzi?" Sista Anjelina aligeuka mlangoni. "Baba mtoto. Wewe unaumwa chochote?"

Khalfani hakuelewa swali mpaka aliporudiwa. Kisha akaelewa, akarudi hatua moja nyuma, mgongo ukagonga fremu ya mlango.

* * *

Wanawake walikataa Khalfani akae wodini. Mmoja alisema waziwazi kwamba yeye amejifungua jana, kifua wazi, hawezi kulala chumba kimoja na mwanamume asiyemhusu. Alikuwa na haki yake. Ikabidi kichumba cha kuhifadhia mashuka kitolewe marundo, kiwekwe kiti cha mbao chenye mikono na mto wa kuegemea.

Khalfani alipelekwa bafuni na kipande cha sabuni ya dawa. "Kifua, mikono mpaka viwiko, kucha," mhudumu alimwambia kupitia mlangoni kwa sauti iliyosikika korido nzima. "Na kwapa, baba, usisahau kwapa." Mtu fulani akacheka. Alitoka amevaa suruali tu, mikono ameikunja kifuani kama msichana aliyevamiwa kisimani, akapita mbele ya wanawake wanaosubiri kliniki, macho chini.

Kwenye kichumba alimshika Najma mkono.

"Sikiliza," alisema kwa kunong'ona. "Mie siogopi kuchekwa. Akifa kwenye ile mashine, kafa kwenye mashine. Akifia hapa?" Alijigusa katikati ya kifua. "Nikarudi nyumbani na hiki kifua? Nikalala nacho? Somoe akiniuliza, nimwambieje?"

Najma alitaka kusema hatafia pale. Maneno yalifika mdomoni, akayazuia.

"Anaweza kufa, kaka. Siwezi kukudanganya mara ya pili. Lakini kule ndani anakufa kwa hakika, na baridi ndiyo inayomuua."

Khalfani alikaa kwenye kiti. Akaegemea. Akakunjua mikono.

Sista Anjelina alimleta mwenyewe. Walimvua kila kitu isipokuwa nepi na ile soksi kichwani, wakamweka wima, miguu imekunjwa kama ya chura, shavu moja juu ya mfupa wa kifua cha baba yake. Khanga ya Bi Mwanaheri ilizungushwa mara mbili, ikafungwa, na blanketi likaja juu. Khalfani alishtuka kama aliyemwagiwa maji ya barafu.

"Ni wa baridi," alisema. "Mbona ni wa baridi hivi? Najma, huyu yuko hai?"

"Yuko hai. Nahesabu. Tulia."

Hakujua mikono aiweke wapi. Sista Anjelina akauchukua mmoja, akauweka mgongoni mwa mtoto, nao ukaufunika mgongo wote, vidole vikabaki nje.

Kipimo cha kwanza kilikuwa chini ya kile cha mwisho kwenye mashine. Najma alikisoma, akampa Sista Anjelina akisome. Bi Mwanaheri, amesimama nje kwenye korido kwa sababu ya kikohozi chake, aliziangalia nyuso zao na akaanza kumsalia Mtume chini kwa chini.

"Namrudisha," Sista Anjelina alisema.

"Kwenye nini, Sista?"

"Usinijibu hivyo."

"Samahani. Nauliza kweli. Kule kuna nini cha kumrudishia?"

Sista Anjelina alishika ncha ya khanga, tayari kuifungua. Najma aliviona vidole vyake vikisita, na akaelewa kwamba mwanamke huyu naye hakuwa na mtu wa kumuuliza. Kituo kizima kilikuwa cha kwake, pamoja na lengelenge lile. Vidole vikaiachia khanga.

"Nusu saa," alisema. "Kisha nitaamua mimi, na sitaki neno."

Khalfani hakukifuata tena walichosema. Alikuwa amegundua kwamba mtoto hakuadhiniwa. Jana walimkimbiza kwenye mashine, wakafunga mlango, naye akabaki nje. Sasa sikio lilikuwa hapa, chini ya kidevu chake, dogo kama kokwa ya tende. Akainamisha kichwa na kuadhini, si kwa sauti bali kwa pumzi, taratibu, bila kuruka neno. Sista Anjelina, Mkristo, alisimama kando ameshika kipimajoto mpaka alipomaliza.

Kipimo kilichofuata kilikuwa kimepanda kidogo. Kidogo sana, kiasi kwamba Najma alidhani amesoma vibaya tena, akampa Sista asome kwanza bila kumwambia alichokiona. Sista Anjelina akataja namba ile ile. Baada ya hapo ikapanda tena. Mtoto akakunja uso, akatoa sauti kama ya mlango unaokwaruza, akanyamaza.

"Kafanyaje?" Khalfani aliuliza, kakakamaa.

"Kalia," Sista Anjelina alisema. "Tangu azaliwe ndiyo kwanza analia."

Jioni umeme ukarudi. Mashine ikanguruma, taa yake nyekundu ikawaka, na watu wote wakageuka kuitazama. Khalfani, miguu imekufa ganzi, shingo imekaza, alianza kujiinua ili wamchukue mtoto.

"Unakwenda wapi, baba?" Sista Anjelina alisema.

"Si umeme umerudi?"

"Na kesho asubuhi utakatika. Nimtoe kwenye joto nimpeleke kwenye kioo cha baridi, kisha kesho nimtoe tena? Kaa."

"Mpaka lini?"

Sista Anjelina alimletea uji wa Bi Mwanaheri, akamshikia kikombe mdomoni anywe, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi.

* * *

Siku ya nne, Khalfani akiwa bado kitini na mtoto akinyweshwa maziwa kwa kijiko, alijifungua mama mwingine, Zuena, mke wa fundi baiskeli wa Buza. Mtoto wake wa kiume alikuwa mdogo kuliko wa Somoe, na kila alipovuta pumzi alikoroma na mbavu zikazama. Mgao uliendelea. Zuena alikuwa amewaona watu wakienda kuchungulia kwenye kichumba cha mashuka, akaomba naye afanyiwe vile vile. Najma, ambaye Sista Anjelina alikuwa amemrudishia kofia, alimfunga mtoto kifuani kwa Zuena kwa mikono iliyokwisha kuzoea.

"Wa mwenzangu anapona?" Zuena aliuliza.

"Anapona," Najma alisema, na akatabasamu.

Mtoto wa Zuena alikufa kabla ya adhuhuri, kifuani kwa mama yake, joto lake likiwa zuri. Pumzi ndiyo iliyomshinda.

Kilio kilipita ukutani mpaka kwenye kichumba cha mashuka. Khalfani akamkumbatia mwanawe kwa nguvu, na mhudumu ikabidi amwambie alegeze, atambana.

Zuena hakupiga makelele muda mrefu. Alipotulia alimwita Najma.

"Mlijua?"

"Hatukujua, dada."

"Nilikuuliza wa mwenzangu anapona, ukaniambia anapona."

"Anapona kweli."

"Najua. Wa kwangu alikuwa anakoroma, wa mwenzangu hakoromi. Hilo uliliona na hukuniambia. Uliniambia lile la kunifurahisha." Akageukia ukuta. "Ningembeba tu. Ni mwanangu. Lakini ningembeba nikijua."

Najma alisimama pale hata baada ya kuambiwa aende. Alasiri Mwalimu Demetria alipokuja kulichukua jarida lake, alimkuta nyuma ya jengo anafua khanga ambayo tayari ilikuwa safi.

"Wenzako wanataka ukawaeleze darasani Jumatatu," Mwalimu alisema. "Habari imefika chuoni. Wanasema umemfufua mtoto."

"Sitaki kwenda."

"Ukienda utawaambia nini?"

Najma aliikamua khanga mpaka maji yakaisha. "Wa Somoe yuko hai na wa Zuena amekufa," alisema. "Na kwamba sijui kama wa Somoe angekufa asingebebwa. Na niliyomwambia Zuena. Hilo nalo nitawaambia."

Mwalimu Demetria akashika upande wa pili wa khanga, wakaikunjua pamoja, wakaianika.

* * *

Somoe alizinduka sawasawa siku iliyofuata. Uvimbe ulikuwa umeshuka, macho yake yakaweza kukaa mahali pamoja. Jambo la kwanza aliuliza mtoto yuko wapi, na alipoambiwa yuko kwa baba yake, stoo ya mashuka, alidhani wanamficha msiba.

"Wifi, niambie kweli. Kafa?"

"Hajafa, wifi."

"Khalfani? Khalfani ambaye kuku tu hawezi kumshika?"

Walimketisha, wakamuegemeza kwenye mito miwili. Sista Anjelina akamfungua gauni, akampima, akamuuliza maswali mpaka akaridhika. Kisha akaagiza pazia livutwe na baba aitwe.

Khalfani aliingia polepole, ndevu zimemchipua, macho mekundu, anatembea kama aliyebeba bakuli la maji lililojaa pomoni. Somoe akanyoosha mikono. Yeye akasimama.

"Kichwa kinakaa upande," alisema. "Siyo hivyo. Shingo isikunjike. Ukisikia kanyamaza sana unamkuna mgongoni, hivi, kwa kidole. Na usisinzie. Ukisikia usingizi unasema."

"Khalfani. Nipe mwanangu."

"Nakupa. Si nakupa?"

Lakini ilibidi Najma aifungue ile khanga, fundo kwa fundo. Mtoto alipotoka, kwenye kifua cha baba yake palibaki alama nyekundu ya sikio. Alipowekwa kwa mama yake alitapatapa kidogo, akageuza uso huku na kule, akatulia. Somoe aliangalia ile bandeji ndogo pajani, akamwangalia Sista Anjelina, naye Sista Anjelina akamweleza lengelenge lilivyotokea, alilofanya yeye, bila kupunguza. Somoe akasikiliza mpaka mwisho, akaivuta khanga juu.

Khalfani alikuwa bado amesimama, mikono imening'inia, kifua wazi.

"Haya, baba," Sista Anjelina alisema. "Toka sasa. Hii ni wodi ya wanawake."

Akatoka. Pale nje upepo wa mchana ulimpiga kifuani, akahisi baridi kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Bi Mwanaheri alikuwa kwenye benchi la saruji, ameshika kikopo chake cha makohozi ya kupimwa, akampisha akae. Khalfani alivaa shati akaanza kufunga vifungo, akavikosea, akafungua, akavikosea tena.

"Kalala?" mama yake aliuliza.

"Kalala kwa mamake."

Bi Mwanaheri akakiweka kikopo chini, akamgeuza begani, akamfungua vifungo vyote, akaanza kumfunga upya kutokea chini, kimoja kimoja, naye akaacha afungwe.